Swali la Kura na Umeme wa Jua: Somo la Kulielewa Azimio Kabla ya Kulipigia Kura

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia bonde la Usangu na Chunya mkoani Mbeya hadi Isimani na Mufindi mkoani Iringa, paa lenye paneli ya sola si jambo la kushangaza tena. Kaya moja huwasha taa mbili na kuchaji simu. Nyingine huendesha televisheni na redio. Duka la jirani huuza soda baridi kwa nguvu za jua. Wakati huohuo nguzo za umeme wa gridi zinaendelea kusogea kutoka kitongoji hadi kitongoji. Kwa hali hiyo, suala la sola haliwezi kubaki ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Wakati wowote laweza kufikishwa mbele ya mkutano wa kijiji: zahanati ifungiwe sola au isubiri gridi? Kila kaya ichangie kiasi gani? Mwenye sola yake nyumbani achangie sawa na asiye nayo?

Somo hili linahusu hatua inayotangulia majibu ya maswali hayo, nayo ni kulielewa swali lenyewe. Mwananchi aweza kuwa na msimamo ulio wazi kabisa, lakini akapiga kura inayokwenda kinyume na msimamo wake kwa sababu swali liliandikwa kwa namna inayochanganya. Jambo hilo limewahi kutokea katika nchi zenye wasomi wengi na magazeti mengi, tena juu ya suala hilihili la umeme wa jua majumbani.

Mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika kuamua mambo yote ya jumla yanayohusu kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Mwenyekiti, halmashauri ya kijiji na mtendaji hutekeleza. Wakazi ndio wanaoamua.

Sheria hiyo pia inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini haiwezi kufanya hivyo peke yake: sharti mapendekezo yapelekwe kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha yaidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Mchango unaoambatana na adhabu kwa asiyelipa ni lazima usimame juu ya sheria ndogo iliyopitia njia hiyo. Tamko la mdomo halitoshi.

Kwa hiyo mkono unaoinuliwa mkutanoni una uzito wa kisheria. Ukishahesabiwa na kuandikwa katika muhtasari, azimio hubeba jina la kijiji kizima, likiwahusu walioelewa na wasioelewa.

Kisa cha Florida, mwaka 2016

Jimbo la Florida nchini Marekani lina jua kali karibu mwaka mzima. Huko, wapiga kura huamua wenyewe mabadiliko ya katiba ya jimbo lao kwa kupiga kura ya Ndiyo au Hapana, na badiliko hupita tu likipata angalau asilimia 60 ya kura.

Mwaka 2016 wapiga kura wa Florida waliulizwa kuhusu sola mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi Agosti, katika swali lililopewa namba 4. Lilihusu kusamehe kodi kwa vifaa vya umeme wa jua. Swali lilikuwa la moja kwa moja, na zaidi ya asilimia 70 walikubali.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 8 Novemba, katika swali lililopewa namba 1. Kichwa chake kilizungumzia haki za watumiaji wa umeme kuhusu uchaguzi wa nishati ya jua. Sehemu yake ya kwanza ilisema kwamba wakazi wangekuwa na haki ya kikatiba ya kumiliki au kukodi vifaa vya sola kwa matumizi yao wenyewe. Sehemu ya pili ilisema kwamba serikali ya jimbo na mamlaka za mitaa zingebaki na uwezo wa kuhakikisha kuwa watu wasiofunga sola hawalazimiki kubeba gharama za gridi na umeme wa akiba kwa ajili ya wale waliofunga.

Msomaji wa haraka angedhani swali hilo ni la kuitetea sola. Lakini haki iliyotajwa katika sehemu ya kwanza wakazi wa Florida walikuwa nayo tayari. Uzito wote ulikuwa katika sehemu ya pili, ambayo ingeweza kufungua njia ya kuwatoza wenye sola ada za ziada. Kampeni ya Ndiyo iligharimiwa hasa na makampuni makubwa ya umeme ya jimbo hilo, kwa zaidi ya dola milioni 20. Jambo lililozidisha utata ni kwamba hapo awali kundi jingine lilikuwa likikusanya saini kwa ajili ya pendekezo tofauti la kupanua biashara ya sola, na majina ya makundi hayo mawili yalifanana kiasi cha kumchanganya mtu wa kawaida.

Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Florida, ambayo hupima kama swali linafaa kuwekwa mbele ya wapiga kura. Majaji wanne walisema linafaa, watatu wakapinga. Mmoja wa waliopinga, Jaji Barbara Pariente, alionya kwamba pendekezo hilo lilijivika sura ya kuitetea sola ilhali lilikusudia kuiweka hali iliyokuwapo ndani ya katiba. Siku ya kura, waliosema Ndiyo walikuwa takriban asilimia 51. Kwa kuwa kiwango kilichohitajika kilikuwa 60, pendekezo lilianguka. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wamelikubali, na haijulikani kati yao ni wangapi walioamini kwamba wanaipigia sola kura ya kuiunga mkono.

Haki inadai isemwe pia kwamba hoja ya makampuni hayo haikuwa ya kubuni tu. Swali la nani alipie gridi ni swali la kweli, na litazungumzwa hapa chini. Kasoro ilikuwa kulificha swali hilo nyuma ya haki ambayo tayari ilikuwapo.

Mafunzo kutoka Afrika Mashariki

Utata wa maswali ya kura haukuanzia wala kuishia ng'ambo. Nchini Kenya, katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, alama ya ndizi iliwakilisha Ndiyo na alama ya chungwa iliwakilisha Hapana. Nia ilikuwa njema: kuwawezesha wasiojua kusoma kupiga kura bila msaada. Lakini kampeni zilipopamba moto, wengi walizungumzia ndizi na chungwa, na wanasiasa waliosimama nyuma ya kila tunda, kuliko vifungu vya rasimu. Hapana ilishinda, na chungwa likawa baadaye jina la chama cha siasa.

Miaka kadhaa baadaye, Kenya ilikabiliana na suala jingine: je, mabadiliko mengi ya katiba yaweza kuwekwa katika swali moja? Katika shauri la mpango uliojulikana kama BBI, Mahakama Kuu ilisema mwezi Mei 2021 kwamba mambo yaliyo tofauti yanapaswa kuulizwa kwa maswali tofauti, ili mpiga kura aweze kukubali hili na kukataa lile. Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya Machi 2022, iliona kwamba hoja hiyo haikuwa imefikia wakati wa kuamuliwa. Hata hivyo, mjadala huo ulilifafanua tatizo ambalo kila mkutano waweza kukutana nalo.

Tanzania nayo ilipanga kupiga kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa tarehe 30 Aprili 2015. Kura hiyo iliahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura, ulioanzia Makambako mkoani Njombe mwezi Februari mwaka huo, haukuwa umekamilika. Lau ingefanyika, mwananchi angetakiwa kuijibu katiba nzima, sura zote, kwa neno moja tu la Ndiyo au Hapana. Kwa katiba kamili huenda hakuna njia nyingine. Kwa azimio la kijiji, njia nyingine ipo.

Hesabu ya umeme wa jua nyumbani

Ili kulipima swali lolote la sola, mwananchi anahitaji kuijua hesabu yake. Mfumo wa nyumbani huwa na sehemu nne: paneli inayopokea mwanga, kidhibiti chaji kinacholinda betri, betri inayotunza umeme kwa ajili ya usiku, na inveta kwa vifaa vinavyotumia umeme kama ule wa gridi.

Ichukuliwe kaya ya mfano yenye taa tano za wati 5 zinazowaka saa tano kila usiku. Hizo hutumia wati-saa 125. Televisheni ya wati 30 kwa saa nne hutumia wati-saa 120. Simu tatu za wati 5 zinazochajiwa saa mbili hutumia wati-saa 30, na redio ya wati 5 kwa saa tano hutumia wati-saa 25. Jumla ni wati-saa 300 kwa siku, yaani takriban uniti 9 kwa mwezi wa siku 30. Kaya hiyo yaweza kuhudumiwa na paneli ya wati 100 hivi yenye jua zuri, pamoja na betri ya volti 12 na ampea-saa 100. Betri hiyo hubeba wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu; kwa hiyo inatosha siku mbili bila jua.

Hesabu hubadilika kwa mahali na kwa majira. Mbarali na Isimani ni sehemu kavu zenye jua jingi. Rungwe ina mvua nyingi, na Mufindi ina ukungu unaoweza kukaa siku kadhaa hata wakati wa kiangazi cha baridi. Katika siku hizo paneli huenda ikatoa chini ya nusu ya kawaida yake. Mfumo unaotosha Isimani waweza kupungukiwa Mufindi, ingawa sehemu hizo zimo katika mkoa mmoja.

Upande wa gridi, bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ziliweka shilingi 100 kwa uniti kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1, na kufanya shilingi 122. Kwa bei hiyo, uniti 9 za kaya ya mfano hugharimu shilingi 1,098 kwa mwezi. Uniti zinazozidi 75 katika kundi hilo hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi na tozo. Kaya inayotumia uniti 100 hulipa 7,500 kwa uniti 75 za kwanza na 8,750 kwa 25 zinazofuata, jumla 16,250. Pamoja na kodi na tozo hufika shilingi 19,825. Kabla ya kufanya uamuzi, ni vema kuthibitisha bei ya siku husika katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu. Ikumbukwe pia kwamba kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, si bei ya umeme. Asiyetenganisha mambo hayo mawili katika risiti moja hupata hesabu isiyo sahihi.

Matokeo ya hesabu hii yana pande mbili. Kaya iliyo karibu na nguzo na inayotumia umeme kidogo haitapata unafuu mkubwa wa bei kwa kununua paneli na betri; faida yake ni kuwa na taa umeme unapokatika. Kaya iliyo mbali na nguzo, ambayo ingenunua mafuta ya taa na betri ndogo kila wiki, yaweza kufaidika sana. Na kaya au biashara inayotumia zaidi ya uniti 75 ina sababu ya kufikiria kutumia jua mchana na gridi usiku. Mtu anayesema kwamba sola ni nafuu kwa wote, au kwamba haina maana kwa yeyote, hajafanya hesabu ya kaya ya jirani yake.

Nani alipie gridi?

Hoja iliyofichwa katika swali la Florida inastahili kuelezwa waziwazi, kwa kuwa yaweza kujitokeza popote.

Wanaowataka wenye sola wachangie zaidi husema hivi: nguzo, nyaya na transfoma hugharimu fedha zilezile hata kama uniti zilizouzwa ni chache. Mwenye sola aliyeunganishwa na gridi hununua uniti chache mchana, lakini usiku na siku za mawingu huitegemea gridi kama wengine. Wenye uwezo wakipunguza malipo yao, mzigo utawaangukia wasio na uwezo wa kununua paneli.

Wanaowatetea wenye sola husema hivi: umeme unaozalishwa juu ya paa haupotei katika nyaya ndefu, na hupunguza mzigo wa mitambo mchana. Tena nchi inayotegemea maji huhitaji chanzo kingine wakati wa ukame. Wakazi wa Mbeya na Iringa wanaijua habari hiyo kwa karibu. Maji ya Usangu huingia mto Ruaha Mkuu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Maji yalipopungua Mtera, kama mwaka 2006 na mwaka 2015, nchi nzima iliona athari katika umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na limeongeza umeme mwingi. Nalo pia linategemea mvua na mito, ukiwamo Ruaha Mkuu.

Nchini Tanzania, kaya inayozalisha umeme wa jua kwa matumizi yake haihitaji leseni, kwa kuwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imewasamehe wazalishaji wadogo. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni zinazomwezesha mzalishaji mdogo aliyeunganishwa na gridi kuingiza ziada yake na kuhesabiwa. Bei za umeme wa gridi hupangwa kwa idhini ya EWURA, na mkutano wa kijiji hauna uwezo wa kuzibadilisha. Mkutano una uwezo juu ya miradi ya kijiji, michango yake na ardhi yake.

Namna tatu za swali linalochanganya

Mifano ifuatayo ni ya kubuni, kwa ajili ya kujifunza.

Namna ya kwanza ni maswali mawili ndani ya moja. "Je, mnakubali zahanati yetu ipate umeme wa jua na kila kaya ichangie kwa utaratibu utakaowekwa?" Ni nani atakayekataa taa kwa mama anayejifungua usiku? Lakini mkono huohuo umekubali mchango usiotajwa kiasi, na utaratibu ambao bado haujaandikwa. Swali hilo lapaswa kugawanywa: kwanza, je, zahanati ifungiwe mfumo wa umeme wa jua? Pili, je, kila kaya ichangie kiasi kinachotajwa kwa shilingi, mara moja, kabla ya tarehe inayotajwa? Tatu, je, kaya za wazee wasiojiweza zisamehewe? Mkazi aweza kukubali la kwanza na la tatu, akataka la pili lipunguzwe.

Namna ya pili ni kupanga makanusho juu ya makanusho. "Je, unapinga kufutwa kwa azimio linalozuia kaya zenye sola kusamehewa mchango wa zahanati?" Anayesema Ndiyo anapinga kufutwa, kwa hiyo azimio linabaki, azimio hilo linazuia msamaha, basi kaya zenye sola zitachangia. Mwenye sola aliyesikia neno "unapinga" na neno "mchango" akainua mkono upesi, ameamua kulipa akidhani amekataa. Swali la wazi lingekuwa: "Je, kaya zenye sola zichangie zahanati sawa na kaya nyingine?"

Namna ya tatu ni kuahidi kilichopo. "Kila kaya iwe na haki ya kufunga sola kwa matumizi yake, na kijiji kiwe na mamlaka ya kuweka ada ili kaya zisizo na sola zisibebe gharama za zile zenye sola." Sehemu ya kwanza haiongezi chochote. Sehemu ya pili ndiyo yenye jambo jipya, na yapaswa kuulizwa peke yake: ada gani, kwa gharama ipi, na kwa sheria ipi?

Si kila swali linalochanganya limetungwa kwa hila. Mara nyingi mwandishi alikuwa na haraka, au alinakili lugha ya barua ya mradi. Kwa hiyo inafaa kuomba ufafanuzi kwa heshima, bila kumshutumu mtu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Maswali matano kabla ya kupiga kura

1. Nikisema Ndiyo, ni kitu gani kitabadilika kesho?
2. Nikisema Hapana, ni kitu gani kitabaki kama kilivyo? Kama majibu ya maswali haya mawili yanafanana, kuna jambo ambalo halijaelezwa.
3. Swali hili lina mambo mangapi? Yakiwa zaidi ya moja, yagawanywe.
4. Nani atalipa, kiasi gani, mara ngapi, na nani atatunza fedha? Katika mradi wa sola, swali hili lihusu pia betri mpya baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa betri huchoka mapema kuliko paneli.
5. Nani ameleta pendekezo hili, na atafaidika vipi? Muuzaji wa vifaa ana haki ya kueleza bidhaa yake, lakini mkutano una haki ya kujua kwamba yeye ni muuzaji.

Mkazi yeyote aweza kumwomba mwenyekiti azimio lisomwe tena polepole kabla ya mikono kuhesabiwa, na maana ya Ndiyo na ya Hapana itamkwe wazi. Aweza kuomba idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe katika muhtasari, na muhtasari usomwe katika mkutano unaofuata. Mkutano mkuu wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi huwa sehemu yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Mradi wa sola wa kijiji nao unahitaji daftari la fedha, la vifaa na la matengenezo.

Kabla ya kununua vifaa, iwe kwa zahanati au kwa nyumba, iangaliwe alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kazi ya kufunga umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Betri chakavu zisitupwe shambani wala mtoni, kwa kuwa zina risasi na asidi zinazodhuru watu, mifugo na maji.

Maswali ya majadiliano katika kitongoji

1. Orodhesheni vifaa vya umeme vya kaya moja, wati zake na saa zake za matumizi. Kaya hiyo inahitaji uniti ngapi kwa mwezi? Kwa mahali ilipo, sola au gridi ndiyo inayoifaa zaidi?
2. Je, ni haki mwenye sola nyumbani kuchangia umeme wa zahanati sawa na jirani asiye na umeme wowote? Kila upande utoe sababu mbili.
3. Chukueni azimio moja lililopitishwa katika mkutano uliopita. Liandikeni upya kwa maneno yasiyozidi ishirini, bila kanusho, likiwa na jambo moja tu. Kama haliwezekani kuandikwa hivyo, semeni ni mambo mangapi yalikuwamo ndani yake, na ni lipi kati ya hayo wananchi walilikusudia.